Van Basten hakustaafu, alimalizwa: nimechoka na hoja ya "hakudumu"

Wakuu, hii nimeandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kila mjadala wa washambuliaji bora wa muda wote ukifika kwa Marco van Basten, lazima atokee mtu wa kusema: "Alikuwa mkali, ila hakudumu." Wengine wanaitikia, jina linashushwa chini huko, na mjadala unasonga mbele. Hakudumu! Utadhani aliuchoka mpira, au alilewa sifa akaacha mazoezi. Huyu mtu mechi yake ya mwisho ya ushindani alicheza akiwa na miaka 28. Alitangaza kutundika daluga Agosti 1995, miaka 30, baada ya kukaa zaidi ya miaka miwili bila kugusa mpira wa mashindano kwa sababu kifundo chake cha mguu kilikuwa kimekwisha. Sasa mnamdai miaka ambayo alinyang'anywa?

Kwa vijana ambao hawakumuona, someni kwanza halafu ndio mje kubisha. Mzaliwa wa Utrecht, Uholanzi, 1964. Aprili 1982 Ajax walimuingiza kuchukua nafasi ya gwiji Johan Cruyff mwenyewe, na akafunga siku hiyo hiyo. Aliondoka Ajax akiwa na mabao 128 katika mechi 133 za ligi, mfungaji bora misimu minne mfululizo. Msimu wa 1985/86 peke yake alifunga 37 na kuchukua Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya. Najua mtu atakuja na "ligi ya Uholanzi nyepesi". Haya, twende Italia, kwenye ligi ambayo miaka ile mabeki walikuwa wanaanza kazi kwanza na miguu yako, mpira baadaye. Huko alikuwa mfungaji bora mara mbili: mabao 19 msimu wa 1989/90, na 25 msimu wa 1991/92, ule ambao timu yake, AC Milan, walimaliza ligi nzima bila kufungwa. Fikirieni mabao 19 kutosha kuwa kinara wa ligi nzima, ndio mjue mabeki wa wakati ule walikuwa watu wa namna gani.

Na Euro 1988 mnaijua kwa bao moja tu la kwenye video. Mechi ya kwanza dhidi ya Umoja wa Kisovieti, kocha Rinus Michels alimuanzishia benchi, Uholanzi wakalala 1-0. Mechi iliyofuata akapewa nafasi, akawapiga Uingereza mabao matatu peke yake. Nusu fainali kule Hamburg akawamaliza wenyeji Ujerumani Magharibi dakika za lawama. Fainali, Munich, Wasovieti tena, krosi ya Arnold Mühren ikavuka kutoka kushoto, mpira mrefu ambao mshambuliaji yeyote mwenye akili angeutuliza kwanza. Yeye yuko upande wa kulia wa boksi, pembe imebana, Rinat Dasayev golini, na wakati huo Dasayev alikuwa miongoni mwa makipa bora duniani. Akaupiga hewani kabla haujagusa ardhi, ukapita juu ya kichwa cha Dasayev ukaingia upande wa pili. Michels kwenye benchi akashika uso. Na mguu uliopiga ule mpira ulikuwa umetoka kupona, kwa sababu msimu mzima wa kwanza wa Milan alikuwa amecheza mechi 11 tu za ligi.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Jeraha lile lilianza Desemba 1986 akiwa Ajax, dhidi ya Groningen. Nalisema mwenyewe kabla hamjaniwahi: siku ile yeye ndiye aliyeingia kumkaba mwenzake, na yeye ndiye aliyeumia. Sina ugomvi na hilo, mpira ndivyo ulivyo. Ugomvi wangu ni yaliyofuata. Van Basten mwenyewe amesimulia kwamba Cruyff, aliyekuwa kocha wake, alikubaliana naye apumzike baadhi ya mazoezi na mechi za ligi, lakini za Ulaya acheze, kwa kuwa walikuwa wameambiwa na daktari kwamba mguu hauwezi kuharibika zaidi ya pale. Mei 1987 Ajax wakachukua Kombe la Washindi kule Athens dhidi ya Lokomotive Leipzig, 1-0, bao la nani? La huyo huyo mgonjwa. Novemba mwaka ule ule akiwa Milan, tayari yuko kwenye meza ya upasuaji. Namheshimu sana Cruyff, lakini heshima hainizuii kusema kwamba kijana wa miaka 22 aliyekuwa anamuona kama mungu wa mpira asingeweza kumwambia hapana, na mkubwa ndiye aliyetakiwa kuwa na busara.

Ukiongeza rafu za Italia juu ya kifundo kile, unapata kilichotokea. Waliocheza mpira hata wa mtaani wanajua namna beki anavyomuingia straika kwa nyuma. Straika amegeuzia mgongo goli, anasubiri mpira uje mguuni, uzito wote uko kwenye mguu mmoja. Beki haoni mpira, anaona kisigino na enka. Anafyeka. Na miaka ile kulikuwa na sheria isiyoandikwa ambayo kila beki aliijua: rafu ya kwanza ni ya bure. Refa anakuonya kwa mkono, mnasalimiana, mechi inaendelea, na straika ameshaanza kuchechemea dakika ya tano. Straika mrefu wa mita 1.88 aliyekuwa anapokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo kila wikiendi, mnategemea mguu wake uwe wa chuma?

Msiniambie wenye mpira hawakujua. Walijua tangu Septemba 1983, Andoni Goikoetxea wa Athletic Bilbao alipomvunja Maradona kifundo kwa nyuma, dunia nzima ikaona. Kombe la Dunia la 1990 likawaboa watazamaji kwa mipira ya kurudishiwa makipa, na kufikia 1992 kipa alikuwa ameshakatazwa kudaka pasi ya mwenzake. Miaka miwili tu, sheria imebadilika! Lakini kumfyeka mtu kwa nyuma kukasubiri hadi Kombe la Dunia la 1994 ndipo FIFA ikawaagiza waamuzi watoe nyekundu, na hadi 1998 ndipo likakaa sawasawa ndani ya sheria zenyewe. Mtazamaji kuboreka kulishughulikiwa haraka kuliko mchezaji kuvunjwa. Kombe lile la Marekani Van Basten alipaswa kulicheza akiwa na miaka 29. Hakwenda. Hakuwa na mguu wa kwenda nao.

Na tazameni alikuwa kwenye kiwango gani walipomkosa. Msimu wa 1992/93 alifunga mabao 13 katika mechi 15 za ligi. Novemba 1992 aliwafunga IFK Göteborg mabao manne, moja la tiktaka, na kuwa mtu wa kwanza kufunga manne katika mechi moja ya Ligi ya Mabingwa. Desemba akapewa Ballon d'Or ya tatu, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, na mwezi huo huo akapasuliwa tena. Huyo si mchezaji anayeelekea ukingoni. Huyo ni mtu aliyekuwa bora duniani mwezi alioingia hospitali.

Akarudi mwishoni mwa msimu kwa kujilazimisha. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mei 26, 1993, Munich, uwanja ule ule wa bao la Dasayev. Kona ya Abedi Pele, kichwa cha Basile Boli, Marseille 1-0. Boli huyo huyo ndiye aliyemuingia Van Basten kwa nyuma. Dakika za mwisho akatolewa, akaingia Eranio, na ndiyo ikawa basi. Kilichofuata ni upasuaji na kusubiri, hadi siku ile San Siro alipopita kuwaaga mashabiki akiwa na nguo za kawaida, kocha wake Fabio Capello analia kwenye benchi. Amesimulia mwenyewe kwamba kulikuwa na usiku wa kutambaa kwenda chooni kwa sababu kifundo hakikuweza kubeba uzito wake. Maumivu yalitulia baadaye sana, mifupa ya kifundo ilipounganishwa kabisa kisipinde tena. Miaka 30 na kitu, mguu haukunji. Halafu wewe umekaa na simu yako unaandika "hakudumu".

Na wale wa "mbona Maldini alidumu" nawasubiri pia. Maldini, aliyecheza naye pale Milan, aliendelea hadi 2009, kweli, na ni gwiji, simvunjii heshima. Lakini Maldini alikuwa beki. Hakukuwa na mtu aliyepewa kazi ya kumpiga Maldini kisigino dakika ya tatu ili apunguze kasi.

Anayetaka kumshusha Van Basten kwenye orodha yake alete sababu za uwanjani. Lete Kombe la Dunia la 1990, alilotoka bila bao hata moja. Lete nusu fainali ya Euro 1992, penalti yake iliyodakwa na Schmeichel wa Denmark. Hapo tutabishana usiku kucha na nitakusikiliza, kwa sababu hayo aliyafanya yeye. Hoja ya kudumu mpelekeeni FIFA na marefa wa miaka ile, hao ndio wenye kujibu.