Kizibo changu kimeitwa soli ya ndala mbele ya watu

Mshindiliaji (mfungua uzi)
Wakuu, nawasalimu nikiwa na mikono inayonuka baruti na moyo unaofuka moshi kuliko mtutu. Nimetoka kiwanja cha shabaha hapa Pennsylvania saa moja iliyopita, na jina sitalitaja, kwa kuwa kila Mswahili aliyewahi kushika gumegume, bunduki ya jiwe inayojazwa kwa mdomo wa mtutu, katika jimbo hili anamjua bwana yule wa kofia ya manyoya, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe baruti ilipovumbuliwa yeye alikuwa kando akisahihisha.

Nilikwisha kumimina greni 70 za baruti, yaani gramu 4.5 hivi. Juu yake nilikusudia kuweka kizibo cha sufu iliyogandamizwa, unene wa milimita 3, nilichokilowesha usiku kucha katika nta na mafuta ya kondoo, kisha nifuatishe risasi ya duara na kiraka chake, yaani kitambaa cha kuifunika. Bwana yule alikinyakua kwa vidole viwili, akakinusa, akakiinua juu watu wote wakione, akauliza: "Nani amepoteza soli ya ndala?"

Soli ya ndala! Watu walicheka hadi kulungu wa kaunti tatu wakahama. Mtoto mmoja, asiyejua tofauti ya mdeki, ile fimbo ya kushindilia, na ufagio, alivua kandambili yake akalinganisha.

Nilijaribu kumweleza kwamba viraka vyangu vilivyookotwa mbele ya mtutu vilikuwa vimetobolewa na moto, na kwamba kizibo hukaa kati ya baruti na kiraka ili kiungue chenyewe, kiraka kibaki kizima na kuishikisha risasi kwenye mifereji ya mtutu. Hakusikiliza. Alikuwa akifuta miwani yake kwa kizibo changu, na miwani ilipojaa mafuta akasema haoni faida yake. Soli ya ndala, wakuu!

Mtutu Mrefu
Pole, ndugu yangu, ila nilikuwa benchi la pili na nimeona ulichokiacha. Viraka vyako vinatoboka kwa sababu umevikata kwenye khanga kuukuu. Risasi ya milimita 12.4 ndani ya mtutu wa 12.7 inataka kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa kwa kubana, la sivyo utatia vizibo hadi mdomoni na moto utapita tu. Tena hukutuambia risasi ilipiga wapi.

Mshindiliaji
Risasi ilikopiga si mada. Mada ni soli ya ndala.

Mtutu Mrefu
Ilipiga karatasi ya jirani.

Bibi Baruti
Afadhali wewe uliyechekwa tu. Shemeji yangu alishindilia kizibo chenye mafuta tele asubuhi, akaiacha bunduki juani hadi alasiri, mafuta yakayeyuka na kulowesha baruti. Kulungu alipotokea, kisahani cha baruti ya kuwashia kiliwaka peke yake, baruti ya ndani ya mtutu ikawa kimya. Mimi ndiye niliyeshinda jioni nzima nikiing'oa risasi ile kwa skrubu ya mdeki, naye akaketi akiniambia kwamba kulungu amepata somo.

Mjukuu wa Tabora
Mnagombania sufu! Marehemu babu alishindilia gobole lake kwa nyuzi za magome ya mti, kizibo kimoja juu ya baruti na kingine juu ya marisaa ili yasimwagike akiinamisha mtutu. Kilio changu ni juu ya watu wasioweka alama kwenye mdeki ya kuonyesha kwamba risasi imefika chini. Binamu yangu aliacha risasi katikati ya mtutu, akidhani imekwisha kukalia kizibo, akafyatua. Yeye alipona, lakini mtutu ulivimba kama chatu aliyemeza mbuzi, na bado anataka nimlipe kwa sababu eti mdeki ulikuwa wangu.

Bibi Baruti
Usimlipe hata senti. Alama ya mdeki huwekwa na mwenye kushindilia, kwa kiasi chake cha baruti na unene wa kizibo chake. Huyo shemeji aliazima mdeki wangu wa mti wa hikori, akaurudisha vipande viwili, akasema sasa unabebeka vizuri zaidi.

Mtutu Mrefu
Mideki ya mti ivunjike tu, mimi nimehamia ya shaba.

Mjukuu wa Tabora
Ya shaba inauzwaje huko, mkuu? Nami nimechoka na ya mti.

Mshindiliaji
Wakuu, tulikuwa kwenye soli ya ndala.

Mjukuu wa Tabora
Ndala gani?