Seva moja ikizima abiria anarudishwa mwanzo, sesheni naiokoaje?

kijana_wa_malindi
Asalaam alaykum wakuu. Tuna mfumo wa kukata tiketi za boti Unguja–Pemba, upo kwenye Tomcat mbili (programu ya seva inayouendesha) na mbele yake HAProxy inagawa watu. Siku za kawaida mambo shwari. Shida ni pale seva moja ikianguka, mtu kashajaza majina ya familia nzima, kachagua viti, yupo kwenye kulipa, mara anatupwa ukurasa wa kuingia na vyote alivyojaza havipo. Karibu na Idi ndo balaa maana watu wanarudi Pemba kwa wingi, na wengine ni wazee wanajaziwa na wajukuu kwenye simu, bando lenyewe la kuungaunga, ukimwambia aanze upya anaghairi anakwenda kupanga foleni bandarini. Nshaweka kuki ya kumganda mtu kwenye seva aliyoanzia, na nshaongeza kile kipande cha Cluster, cha kuzifanya seva zinakiliane, kwenye server.xml (faili la mipangilio ya Tomcat), lakini bado sesheni, yaani kumbukumbu ya muda ya kila mtu alichojaza, zinapotea. Nakosa wapi?

fundi_mlandege
Waalaykum salaam. Yakhe, kuki ya kuganda haiokoi kitu, hiyo kazi yake ni kumrudisha mtu kwenye mashine yenye sesheni yake tu. Sesheni yenyewe ipo kwenye memori ya ile mashine, ikifa inakufa nayo. Kinachookoa ni nakala kuwepo upande wa pili kabla ya kifo.

Anza na web.xml, faili la mipangilio ya mfumo wenyewe, kuna `<distributable/>` mle? Bila hiyo Cluster unaiandika bure, hakuna sesheni inayonakiliwa. Pili, kila kitu unachokitia kwenye sesheni kiwe Serializable, yaani kiweze kugeuzwa baiti kisafiri mpaka mashine nyengine: abiria, kiti, safari, na vilivyomo ndani yake pia. Tatu, hii inawapata wengi na haitoi eror yoyote: ukitoa listi ya abiria kwenye sesheni ukaongeza mtu ndani ya listi ukawacha hivyo hivyo, Tomcat haijui kama kuna kilichobadilika, haipeleki. Lazima uite setAttribute, amri ya kukitia kitu kwenye sesheni, tena kila ukibadilisha.

Halafu mashine zenu ziko wapi? Ukiiwacha kama ilivyokuja, Tomcat zinatafutana kwa maltikasti (tangazo moja linalopelekwa kwa mashine nyingi kwa pamoja) kwenye 228.0.0.4 poti 45564, na sehemu nyingi za kukodi mashine kwenye klaudi maltikasti haipiti, kwa hiyo kila moja inajiona iko peke yake na inaendelea na kazi kama kawaida. Angalia kwenye logi kama moja inamtaja mwenzake. Kama haimtaji, andika anwani zao kwa mkono, StaticMembershipInterceptor ndo kazi yake, na ufungue poti 4000 baina yao maana nakala zinapita hapo kwa TCP. Saa za mashine ziwe sawa pia, weka NTP, inasawazisha saa kwa mtandao.

kijana_wa_malindi
Shukran sana mkuu. distributable haikuwemo kweli, nimeiweka sasa hivi na nikianza kutumia inanipigia IllegalArgumentException kwenye darasa la Safari

fundi_mlandege
Hiyo heri. Inakuonesha kitu ambacho siyo Serializable, fuata moja moja mpaka ziishe. Ukishamaliza usijaribu kwa kuizima Tomcat kistaarabu, maana kuzima kwa utaratibu siyo sawa na kuanguka ghafla. Piga kill -9, amri ya kuiua programu papo hapo, katikati ya mtu anakata tiketi, kisha aendelee upande wa pili. Na kwenye HAProxy iwepo option redispatch, isije ikawa inamng'ang'aniza mtu kwenye seva iliyokwisha kufa.

bint_chake
Kaka, ya fundi yote fanya, lakini mie naona swali kubwa liko pengine. Kwa nini kiti cha mtu kiwe kinaishi kwenye sesheni?

Kwanza klasta ya memori inakusaidia ikifa mashine moja. Je zikizima zote mbili? Kama ziko chumba kimoja, umeme mmoja, nakala zote zinakwenda pamoja. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na giza la kisiwa kizima tuliliona 2008, tukaliona tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Kuna watakaokwambia peleka sesheni Redis, ghala la data linaloishi kwenye memori nje ya Tomcat. Inafaa, ila Redis nayo ikiwa moja ndo umehamisha tatizo tu, utataka Sentinel (walinzi wanaoona Redis ikifa na kuipandisha nyengine) zisizopungua tatu, na kuandika diski ukiweka everysec, yaani kila sekunde, unaweza ukapoteza kama sekunde moja ya kazi.

Na jambo linaloniuma zaidi ni malipo. Mtu akiweka PIN kwenye simu yake, jibu linatoka kwenye kampuni ya simu linakuja kwenye seva yenu moja kwa moja, halina kuki ya yule mtu, linaweza kuangukia A au B. Kama mnategemea sesheni kujua nani kalipia nini, mtu atakatwa pesa na tiketi hapati hata siku ambayo seva zote nzima. Pesa ya nauli ya watu hiyo.

Akichagua kiti tu, andika kwenye databesi: namba ya oda, majina, kiti, muda wa kuisha. Sesheni ibaki na namba ya oda na nani kaingia, basi. Hapo hata sesheni ikipotea yote, anaingia tena anaikuta oda yake pale pale alipoishia, na ile nakala ya klasta inakuwa nyepesi kwa sababu haibebi kitu.

fundi_mlandege
Naungana na dada. Klasta iwepo ili mtu asisumbuliwe kuingia upya, tiketi ilindwe na databesi. Na hiyo databesi iwe na nakala yake mashine nyengine, chumba chengine.

kijana_wa_malindi
Nimeelewa, na hilo la malipo limeshatutokea kweli, tulikuwa tunadhani ni mtandao. Kiti nikishikilie dakika ngapi, dada?

bint_chake
Weka 15. Lakini isiwe zikifika tu unakiachia, kwanza uliza kampuni ya simu ile namba ya malipo imefika wapi, kama bado inasubiri kiwache kishikwe mpaka jibu lipatikane. Na namba ya oda ikubali malipo mara moja tu, maana jibu hilo hilo linaweza kuja mara mbili.