Mafuta yako chini, shamba ni letu: tuna haki gani?

Mkaazi wa Likoni:
Assalaam aleikum. Wapimaji wa mafuta waliingia shamba la marehemu babu yetu kule Kwale bila hodi, wakafyeka njia katikati ya minazi, na mnazi mmoja wenye madafu wakauacha umelala juu ya kaburi la bibi. Hati tunayo. Tudai nini?

Mwana wa Kisauni:
Waaleikum salaam, poleni sana. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inaikabidhi serikali ya kitaifa mafuta yaliyo ardhini kwa niaba ya Wakenya. Hata hivyo shamba ni lenu, na Kifungu cha 40 kinataka serikali ikitwaa ardhi ilipe fidia ya haki, kamili na kwa haraka. Hesabuni minazi, pigeni picha, mwiteni chifu ashuhudie kabla ya chochote kuondolewa.

Mama wa Tudor:
Mwanangu, msikubali kuambiwa mngoje asilimia 5 ambayo Sheria ya Petroli ya 2019 inaitengea jamii, kwani hilo ni fungu la mapato ya mafuta, si malipo ya minazi iliyokatwa.

Mwana wa Kisauni:
Naam, mama. Hata jirani asiye na hati, akiwa anaikalia ardhi kwa nia njema, Kifungu cha 40 kinaruhusu alipwe ardhi ikitwaliwa.