Steringi wa muvi za kijasusi hachaji simu? Mafundi wa Tanga tumechoka!

Wakuu salaam, na wakubwa zangu humu shikamooni. Leo nina povu. Asiyetaka povu apite taratibu.

Mimi ni fundi wa simu na saa, kibanda changu kipo Ngamiani, Tanga. Sina ugomvi na jirani wala na duka la mtu. Nina ugomvi na watengeneza muvi za kijasusi, wale wanaompa steringi saa ya kukatia chuma, kalamu ya kulipuka na gari la kupiga mbizi, halafu hatujaonyeshwa hata siku moja dude limezima chaji. Wao wameshakula hela zao, wamelala. Kesi zinaletwa kwangu mezani.

Juzi kaja mzee mmoja, mtu mwenye heshima zake, kofia ya viua kichwani. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa mfukoni kalamu ya kamera kaizungushia kitambaa kama hirizi. Kauziwa na mmachinga kwamba inarekodi picha na sauti kutwa nzima, na kadi yake imeandikwa GB 512. Kadi za namna hiyo nazijua. Nyingi ni ndogo, zimechezewa tu ziidanganye kompyuta. Ukipitisha uwezo wake halisi, faili zinaharibika na hurudishi kitu. Betri nayo ukiitoa ndani unaweza kuipoteza kwenye kiganja. Nikasema kwa adabu: "Mjomba, hii ikifika saa moja ushukuru Mungu."

Mzee akanikazia macho. "Mwanangu, wewe fundi wa wapi? Mbona yule Mwingereza kwenye picha saa yake inakata chuma?"

Niambieni, nimjibu nini mzee wa watu? Nikimwambia picha zinadanganya ananiona sijui kazi. Nikinyamaza nimekubali kwamba kuna saa ya namna hiyo, ila mimi ndiye sina akili ya kuitengeneza. Akaondoka na kalamu yake, nasikia kaenda kwa fundi mwingine. Nampa pole huyo mwenzangu.

Hiyo picha aliyoitaja naijua, ni ya mwaka 1995, Pierce Brosnan ndiye James Bond. Amefungiwa ndani ya behewa, anawasha saa yake ya Omega, mwale wa leza unatoka, anakata sakafu ya treni anatokea chini. Haya. Saa ya mshale inakaa na betri moja miaka kwa sababu inakula umeme kidogo mno, hata neno "kula" ni kubwa. Betri ile ya duara ya CR2032, ambayo ni kubwa kuliko za saa nyingi, ni volti 3 tu. Mashine ya leza ya kukatia mabati kiwandani inataka wati elfu moja na kuendelea, ina mfumo wa kuipoza, ina gesi ya kupuliza chuma kilichoyeyuka, na ina ukubwa wa chumba. Wewe unaniambia vyote hivyo vimekaa chini ya kioo cha saa, na mkono wa jamaa haujaungua hata nywele!

Ya 1973 ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu imegusa saa zenyewe. Roger Moore, naye akiwa James Bond, ana Rolex yenye sumaku kali, ati inaweza kupindisha risasi ikiwa hewani. Kwanza, risasi nyingi zimetengenezwa kwa madini ya risasi yaliyovikwa shaba, na sumaku haishiki risasi wala shaba. Mtoto wa shule mwenye sumaku ya spika iliyokufa anaweza kulijaribu hilo. Pili, na hapa naomba mafundi saa mnisaidie kulia: saa ya kukaza, isiyo na betri, ukiisogeza tu kwenye sumaku kali, ule uzi mwembamba wa chuma uliojiviringa ndani unashika sumaku, mizunguko yake inanatana, saa inaanza kukimbia kama ina deni au inasimama kabisa. Yaani dude linalomwokoa steringi lingekuwa la kwanza kufa! Nimeshapokea saa za namna hiyo, mtu kailaza juu ya spika la redio usiku kucha, asubuhi anasema saa imelogwa.

Kuna na kile kidude cha Bond cha mwaka 1965 cha kupumulia chini ya maji, kadogo ka kung'ata mdomoni. Hiki kina kisa cha kweli. Baada ya picha kutoka, mhandisi wa jeshi la Uingereza alimpigia simu Peter Lamont, mmoja wa wachoraji wa picha ile, akitaka kujua mtu anaweza kukaa nacho majini muda gani. Akajibiwa: muda uleule unaoweza kubana pumzi. Mhandisi wa jeshi, jamani! Kama yeye kaingia mkenge, mimi nitamlaumu vipi mzee wangu wa kofia ya viua? Wazamiaji wetu wa pweza pale Raskazone wangekicheka mpaka maji yawapalie.

Lile gari jeupe la Lotus la mwaka 1977 linaloingia baharini na kugeuka nyambizi ndiyo hivyo hivyo. Lililopigwa picha chini ya maji lilikuwa limejaa maji ndani, anayeliendesha kavaa mtungi wa hewa. Mwaka 2013 Elon Musk akalinunua kwenye mnada, halafu naye akasema amesikitika kujua kwamba halibadiliki kweli. Tajiri wa roketi!

Ila wakuu, mkisema hizi ni picha tu, za kufurahisha macho, nitawajibu hivi: uongo wa umeme nausamehe. Nisichosamehe ni uvivu. Asubuhi Q, yule mtengeneza vifaa wa James Bond, anamkabidhi steringi vidude vitatu, na kufikia jioni vyote vitatu vimepata kazi. Hakuna siku kapewa mwavuli halafu likawa jua. Kapewa saa ya kukatia, anafungiwa kwenye chuma. Kapewa kiatu chenye kisu, anafungwa mikono miguu ikabaki huru. Jambazi anamnyang'anya bastola, simu na koti, ila saa anamwachia, sijui ili ajue muda wa kufa! Hapo mwandishi amemtia steringi shimoni hajui atamtoaje, akarudi ukurasa wa nyuma kuchomeka dude. Akili ya jasusi imehamia kwenye mkanda wa saa, halafu tunaambiwa jamaa ni mjanja. Mjanja wa nini? Kabonyeza kitufe.

Mimi nina mfuko mzima wa bisibisi, na ile ninayoihitaji ndiyo isiyokuwepo. Hayo ndiyo maisha ya vifaa.

Na cha kweli kipo, kinashinda hizo picha zote. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mti. Akaitundika kwenye makazi yake. Ndani mlikuwa na kinasa sauti alichokibuni mvumbuzi wa Kirusi Leon Theremin, hakina betri, hakina waya, hakina hata saketi ya kuungua. Kopo dogo la shaba lenye utando mwembamba, na antena. Warusi walio nje wakirusha mawimbi ya redio, kile kitu kinaamka. Mtu akiongea chumbani utando unatikisika na mawimbi yanarudi yamebeba sauti. Wakiacha kurusha, kimekufa, hata ukipekua vipi hukisikii. Kikakaa ukutani hadi 1952, mabalozi wakabadilishana. Mimi fundi nilipoelewa kinavyofanya kazi nilikaa kimya nikasahau mteja. Kwenye muvi huwezi kukikuta, kwa sababu hakiwaki taa nyekundu wala hakilipuki.

Na kinachofeli nacho ni cha kweli. Miaka ya 1970 CIA, majasusi wa Marekani, walitengeneza kereng'ende wa bandia wa kubeba kinasa sauti. Aliruka vizuri, ila upepo wa ubavuni ukivuma kidogo tu anapotea njia. Mleteni Tanga wakati wa kusi muone, tungemwokota Mabokweni. Hebu niambieni, hiyo siyo picha nzuri? Jasusi anakimbiza mdudu wake mitaani na mfuko wa rambo. Ningelipa kiingilio mara mbili kibanda umiza.

Sasa wana Tanga wenzangu, sisi ndio tusingetakiwa kudanganywa kabisa. Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza, Tanga ikiwa chini ya Wajerumani, Waingereza walileta hapa askari kama 8,000 kutoka India. Kabla ya kushusha mtu, kapteni wa manowari ya HMS Fox akaingia kuwapa Wajerumani notisi, na muda mwingine ukapotea kutafuta mabomu ya majini ambayo hayakuwepo. Wajerumani wakapata nafasi ya kuleta askari kwa treni kutoka Moshi. Na kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, alipelelezaje mji? Usiku wa kuamkia tarehe 4 alipanda baiskeli! Akaingia mjini mpaka upande wa bandari, akaziona meli zilipo kwa macho yake, akarudi kupanga vita. Akiwa na watu kama elfu moja akawarudisha wageni baharini. Baiskeli, wakuu, katika mji wa baiskeli. Haina leza.

Halafu nyuki wakavamia askari mapiganoni, wakauma pande zote mbili. Waingereza wakavumisha kwamba Wajerumani walifunga kamba kwenye mizinga ili adui akijikwaa nyuki watoke. Mnaona? Kushindwa na baiskeli ni aibu, bora useme umeshindwa na mtambo wa siri.

NYONGEZA: Naona mkuu mmoja hapo chini anasema nina wivu na Q. Desmond Llewelyn aliyeigiza Q kwenye picha 17, kuanzia 1963 hadi 1999, mwenyewe alikuwa akikiri kwamba vifaa vya kweli vinamshinda. Wivu wa nini sasa? Angekuja Ngamiani ningemtengenezea rimoti bure, na chai juu.

Na dada uliyeuliza kama naweza kumfungia mumeo saa ya kusikiliza maongezi yake: siwezi, na ningeweza nisingefanya. Kaeni muongee.

Anayeijua muvi moja tu ambayo jasusi anaingia kwa fundi na saa yake imejaa maji, anaambiwa "acha hapa, pitia jioni," halafu jioni anaambiwa "spea haijafika," aniwekee jina lake hapa chini. Bando la kuipakua nalipa mimi.