Mnara wa parachuti wa Coney Island ulihamishwaje?

Mtoto_wa_Chamwino:
Wakuu salama? Naomba kueleweshwa kuhusu Parachute Jump, ule mnara wa chuma wa Coney Island, New York. Nasikia haukujengwa pale, ulikuwa kwenye maonyesho ya dunia ya 1939 kule Queens. Sasa mnara wa mita 76 unauhamishaje jamani? Na ule upepo wa baharini je, maana hapa Dodoma upepo ukianza hata turubai la harusi halikai, sembuse mwamvuli wenye watu.

FundiMinara_Sgd:
Mkuu mi napanda minara ya simu Singida na huko Dodoma. Mnara wa chuma ni vipande, unafungua kuanzia juu kushuka, kila kipande unakiwekea alama, ukifika uendako unaanza na miguu. Msingi ndo hauhamishiki, huo unamwaga mpya kulingana na udongo wa pale.

Mzee_wa_Kondoa:
Niongezee kidogo kwa fundi. Aliyeubuni ni James Strong, ofisa mstaafu wa jeshi la majini la Marekani, na alikuwa anatafuta namna ya kufundishia wanajeshi kuruka na parachuti, raia walivyoona wakataka kujaribu na wao ndo ikawa mchezo. Watu wawili wanakaa kwenye kiti, waya unawavuta mpaka juu, wakiachiwa wanashuka na parachuti huku nyaya zikiwazuia wasipeperuke. Maonyesho yalipoisha 1940 familia ya Tilyou wakaununua, bustani yao ya michezo ya Steeplechase pale Coney Island ilikuwa imeungua sehemu 1939 kwa hiyo walihitaji kitu cha kurudisha watu, 1941 ukaanza kazi ufukweni. Kuhusu upepo uko sahihi kabisa, siku ukizidi walikuwa wanafunga, na kila parachuti moja ilitaka wahudumu kama watatu, hapo faida inatoka wapi?

Mtoto_wa_Chamwino:
Asante sana mzee wangu. Ila bustani si ilishakufa, mbona mnara haukuuzwa chuma chakavu?

Mzee_wa_Kondoa:
Ilifungwa 1964 kijana wangu, na mnara ulikaa miaka mingi bila kazi. 1977 jiji likautangaza kumbukumbu, miezi michache baadaye uamuzi ukafutwa, mpaka 1989 ndo ukalindwa moja kwa moja. Kwa maoni yangu waliopigania walifanya la maana sana, bila wao leo usingekuwepo. Kupanda hupandi tena, parachuti na nyaya viliondolewa.

FundiMinara_Sgd:
Na chumvi ya bahari inakula chuma vibaya mno. Mwaka 2002 walianza kushusha sehemu ya juu, wakabadilisha vyuma vilivyochoka wakapaka rangi nyekundu, hiyo kazi ningetamani kuifanya mimi.