Haya mazoezi ya sekstanti yametungiwa bahari gani?

Wakuu, hii tabia ya kuwabebesha vijana wetu wanaojifunza sekstanti (kifaa cha kupima kimo cha jua au nyota ili kujua meli iko wapi) mazoezi ya Atlantiki ya Kaskazini imetuchosha. Kila swali meli iko 40° Kaskazini, longitudo Magharibi, jua la adhuhuri liko kusini. Kijana anakariri "latitudo na deklinesheni (latitudo ambayo jua liko utosini) zikiwa upande mmoja, jumlisha", anafaulu, basi.

Sasa mlete nje ya Dar, 6°49' Kusini, tarehe 21 Desemba. Jua likiwa kileleni, kimo chake juu ya upeo wa macho, kilichokwisha sahihishwa, ni 73°23'. Toa kwenye 90°, inabaki 16°37'. Deklinesheni ni 23°26' Kusini. Upande mmoja, sivyo? Anajumlisha, anapata 40°03' Kusini, karibu maili 2,000 za baharini kutoka alipo! Hapa deklinesheni imeizidi latitudo, kwa hiyo unatoa: 23°26' − 16°37' = 6°49'. Mchoro mdogo wa ikweta, jua na meli ungemwonyesha hilo papo hapo, lakini nani anadai mchoro siku hizi?

Mwanzoni mwa Machi na tena kabla ya katikati ya Oktoba ndipo balaa lenyewe, jua linapita utosini. Kimo kikiwa 89°, duara la mahali pa meli (meli iko popote juu ya mstari wake) lina nusu kipenyo cha maili 60 za baharini tu. Ukichora mstari mnyoofu kama ulivyozoeshwa, umepotea. Weka nukta ya jua, yaani mahali ambapo jua liko utosini, kwenye chati, chukua bikari, chora duara lenyewe. Jua linahama haraka kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo vipimo vitatu vilivyopishana dakika chache vinakupa maduara matatu, na yanapokutana ndipo ulipo. Utamu wote huo, na hakuna swali hata moja juu yake. Ila Polaris, nyota ya kaskazini, ambayo kusini mwa ikweta haitumiki, imejaa tele.

Saa nazo. Saa tatu asubuhi yetu ni 06:00 UTC (saa ya kimataifa). Akiandika 03:00, au akasahau kutoa saa tatu akaandika 09:00, GHA (pembe ya jua kuelekea magharibi kutoka Greenwich) inakosea 45° vilevile. Na longitudo ya Mashariki inajumlishwa kwenye GHA ili upate LHA, yaani pembe hiyo ikipimwa kutoka meli ilipo. Ikizidi 360°, ondoa 360°. Mazoezi ya Magharibi matupu yanamzoesha kutoa tu.

Kinachokera zaidi ni majibu ya mstari mmoja. Kosa huwa na alama yake. Jicho likiwa mita 9 juu ya maji, dipu (sahihisho la kimo cha jicho) ni dakika 5.3 za nyuzi, za kutoa; aliyejumlisha atakosea kimo kwa dakika 10.6. Akikosea kwa takriban dakika 32, amechanganya ukingo wa chini wa jua na wa juu. Bila hatua kuandikwa, atajuaje?

Mwenye mazoezi ya longitudo Mashariki, yenye hatua zote, ayaweke hapa. Majibu matupu msilete.