Mrejesho: matairi ya Subaru Impreza, Nakuru

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama ninunue matairi mawili mapya au manne ya mitumba kwa ajili ya Impreza ninayoiendesha kila siku kati ya Njoro na Nakuru mjini. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Hatimaye nilinunua manne mapya ya bei ya kadiri, saizi 205/55R16 91V, kwa shilingi 9,500 kila moja. Aliyenishawishi ni yule aliyeeleza kwamba, kwa kuwa injini ya gari hili huendesha magurudumu yote manne, matairi yenye mzingo usiolingana huilazimisha difrensha ya katikati (kifaa kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) kufanya kazi bila kupumzika hadi iharibike, na gharama ya kuitengeneza ingemeza akiba yote. Mitumba niliyoonyeshwa ilikuwa na mifereji mizuri, lakini tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi unaoonyesha lilitengenezwa lini, zilisomeka 1415, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2015. Mpira wa umri huo sikuuamini kwenye mvua.

Kwenye kona matairi haya mapya hayashiki kama yale ya zamani ya bei ghali, nami nakiri nimesikitika kidogo. Breki kwenye lami yenye maji, hata hivyo, zimeniridhisha kabisa.